Orodha Iliyomwambia Mgeni Abebe Mifuko ya Plastiki

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na wageni wakatangaziwa kwamba wakishuka uwanja wa ndege waiache hapo hapo. Miezi michache baadaye nilikuwa Moshi mjini, ofisini kwa mzee mmoja mwenye kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, tunapitia tovuti yake ukurasa kwa ukurasa. Tukafika kwenye orodha ya vitu vya kubeba. Tochi ya kichwani, soksi nzito, mafuta ya kujikinga na jua, halafu mstari huu: njoo na mifuko mikubwa ya plastiki, ufungie nguo zako zisilowe mvua.

Mzee alivua miwani akaisogelea kompyuta. Mwezi ule alikuwa ameshakwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mara kadhaa kupokea wageni, na habari ya marufuku aliijua vizuri. "Hii kaandika nani?" Dada wa mapokezi akasema hajui. Dereva akasema labda yule kijana wa zamani. Yule kijana alikwishahamia Arusha, na neno la siri la tovuti alikuwa nalo yeye peke yake.

Nimefanya kazi ya kurasa za kampuni ndogo kwa miaka kadhaa, na karibu kila tatizo nililokutana nalo linafanana na lile la Moshi. Ukisema "usimamizi wa maudhui ya tovuti", watu hufikiria programu: ipi nzuri, ipi ya bure, ipi anaijua fundi. Programu ina nafasi yake, na nitaieleza. Lakini maudhui ni maneno, bei, picha, ratiba na namba za simu, na vitu hivi vinachacha kama chakula. Mlima haubadiliki sana. Ada, sheria, barabara na wafanyakazi hubadilika kila mwaka. Asipokuwepo mtu ambaye kazi yake ni kuvisoma na kuvirekebisha, tovuti inaendelea kuongea na wageni usiku na mchana kwa niaba ya kampuni, ikisema mambo ambayo kampuni yenyewe haiyajui tena.

Kalibu na udongo

Tuanze na chombo chenyewe, maana bila kukielewa mwenye biashara anabaki mateka wa fundi.

Wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee akiwa CERN, kituo cha utafiti cha Geneva, Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikauachia ulimwengu mzima bure. Miaka ile ukurasa ulikuwa faili moja lililoandikwa kwa mkono: maneno, rangi, ukubwa wa herufi na mahali pa picha vyote vimechanganywa pamoja. Kampuni yenye kurasa arobaini ilikuwa na mafaili arobaini. Ukibadili namba ya simu, unafungua yote arobaini, moja baada ya jingine, na mojawapo lazima utalisahau.

Mifumo ya kusimamia maudhui ilikuja kutenganisha mambo hayo. Mtu aliyewahi kuona watu wakifyatua matofali ataelewa haraka. Udongo uko kwenye rundo lake, kalibu iko pembeni. Ukitaka tofali la umbo jingine unabadili kalibu, udongo ni ule ule. Ndani ya mfumo wa maudhui, maneno na picha zako zinakaa kwenye hifadhidata. Hilo ndilo rundo la udongo. Umbo la kurasa, yaani rangi, menyu, mpangilio, linakaa kwenye mandhari. Hiyo ndiyo kalibu. Mgeni akifungua ukurasa, mfumo unachota maneno, unayamimina kwenye kalibu, na ukurasa unatoka umekamilika. Anayeandika hahitaji kujua kalibu imechongwaje. Anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, anakuta sehemu ya kuandika isiyotofautiana sana na ile ya kuandikia barua, anarekebisha, anabofya kitufe cha kuchapisha.

Drupal ilitoka mwaka 2001, kazi ya Dries Buytaert wa Ubelgiji. WordPress ikafuata tarehe 27 Mei 2003, ikianzishwa na Matt Mullenweg na Mike Little, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo. Mwaka 2005 ikazaliwa Joomla, na hili kila Mswahili anayefanya kazi hii alijue: jina hilo ni neno letu "jumla", lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Waanzilishi walikuwa wamejitenga na mradi uliotangulia ulioitwa Mambo, na walitaka jina lenye maana ya wote kwa pamoja. Nilipomwonyesha mzee wa Moshi hilo alifurahi kuliko nilipomwonyesha kitu kingine chochote siku ile.

Mifumo yote mitatu ni ya bure. Gharama iko kwingine: domeni, ambayo ndiyo jina la tovuti, inalipiwa kila mwaka, nafasi kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, inalipiwa kila mwezi au mwaka, na muda wa mtu wa kuandika na kurekebisha. Gharama hii ya tatu ndiyo ambayo biashara nyingi haziiweki kwenye bajeti kabisa. Unakuta kampuni imelipa vizuri kutengenezewa tovuti, ikafanya sherehe, ikaweka anwani kwenye kadi za biashara, kisha haikugusa neno hata moja kwa miaka mitano.

Chombo hakiwezi kuziba pengo hilo. Tarehe 1 Julai 2016 huduma za utalii nchini zilianza kutozwa VAT ya asilimia 18. Kampuni za mlima zililazimika kupanga bei upya. Walioandika bei ya safari ya Machame, mojawapo ya njia za kupandia mlima, sehemu moja tu, kurasa nyingine zikaivuta kutoka hapo, walirekebisha mara moja wakaendelea na kazi. Walioiandika kwa mkono kwenye ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa Machame, ukurasa wa bei, kwenye picha ya tangazo na kwenye maswali ya mara kwa mara, walibaki na bei mbili au tatu tofauti za safari ile ile. Mgeni makini huziona zote. Halafu huandika kuuliza ipi ni ya kweli, au haandiki.

Mfano wa karibu zaidi uko Zanzibar. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia visiwani anatakiwa kulipia bima ya lazima ya dola 44. Kampuni nyingi za Moshi na Arusha huuza mlima pamoja na siku chache za ufukweni Nungwi au Paje. Mgeni aliyesoma "hakuna gharama nyingine" kisha akadaiwa dola 44 uwanja wa ndege hatailaumu serikali ya Zanzibar. Ataikumbuka kampuni iliyomwandikia maneno yale.

Daftari la safu nne

Tulichokifanya Moshi kilikuwa kidogo sana. Dada wa mapokezi alichukua daftari la kawaida la mistari, akachora safu nne: jina la ukurasa, mtu anayeujua ukweli wake, siku uliposomwa mara ya mwisho, na kitu gani kikibadilika huko nje lazima ukurasa ubadilike. Kurasa zilikuwa thelathini na mbili. Safu ya pili ndiyo iliyotuchukua mchana mzima.

Maana aliyejua ukweli wa ukurasa mara nyingi hakuwa mtu wa kompyuta. Orodha ya vitu vya kubeba aliijua mwongoza wageni mkuu, anayemwona mgeni akitetemeka kambi ya Barafu kwa sababu glavu zake ni nyepesi. Ukurasa wa chakula aliujua mpishi. Ukurasa wa usafiri aliujua dereva, na dereva huyo alituambia palepale kwamba muda ulioandikwa wa kutoka KIA hadi hotelini haukuwa sahihi hata siku moja. Hawa wote hawakuwahi kuulizwa. Tovuti iliandikwa na kijana aliyekaa na kompyuta, akachukua maneno kwenye tovuti za kampuni nyingine, nazo zilichukua kwa nyingine.

Mifumo yote mitatu niliyoitaja ina ngazi za ruhusa, na hapa ndipo zinapofaa. Mmoja ni msimamizi mkuu anayeweza kugusa kila kitu. Mwingine ni mhariri anayeweza kubadili ukurasa wowote lakini si mandhari wala mipangilio ya usalama. Mwingine anaandika rasimu tu, mhariri anaichapisha. Kwa kampuni ya watu kumi, wawili au watatu wenye ngazi ya mhariri wanatosha, kila mmoja na jina lake na neno lake la siri. Lile neno moja la siri linalojulikana na ofisi nzima, limebandikwa kwenye karatasi pembeni ya skrini, ndilo linalosababisha "nani aliandika hii?" Mfumo huweka kumbukumbu ya nani alibadili nini na lini, ila kumbukumbu hiyo haina maana kama wote wanaingia kwa jina moja.

Swali la mgeni ndiyo ukurasa

Neno "kuwavutia wateja" limechoshwa na matangazo, kwa hiyo nitalieleza kwa namna ninavyoliona kazini. Mtu yuko Ujerumani au Kanada. Ameweka akiba miaka miwili. Ana hofu: atafika kileleni, mita 5,895, au ataugua njiani arudi na aibu? Hajui tofauti ya njia ya Marangu na ya Machame. Ana maswali kichwani, na anafungua tovuti kumi usiku mmoja akitafuta anayemjibu. Anayemjibu kweli ndiye anayemwandikia.

Sasa fungua tovuti nyingi za mlima uone. "Kilimanjaro ni mlima mrefu kuliko yote Afrika. Tunatoa huduma bora kwa bei nafuu. Timu yetu ina uzoefu." Hakuna swali hata moja la mgeni lililojibiwa hapo, na sentensi hizo zinaweza kuhamishwa kwenye tovuti ya jirani zikakaa bila kushtukiwa.

Linganisha na kile alichonieleza mwongoza wageni mmoja pale ofisini nilipomuuliza kwa nini yeye humshawishi mgeni achukue siku saba za Machame badala ya sita. Alishika kalamu akachora mstari unaopanda na kushuka. Siku ya tatu, alisema, tunampandisha hadi mwamba wa Lava Tower, kama mita 4,600, anakula chakula cha mchana kule, kichwa kinaanza kumgonga kidogo, halafu tunamshusha kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili unakuwa umeonja kimo na kupewa usiku wa kupumzika. Anayekwenda siku sita anaunganisha Barranco hadi Barafu kwa siku moja, na usiku ule ule anaamshwa kwenda kileleni akiwa amechoka. Wa siku saba analala kambi ya Karanga katikati. "Siku hiyo moja ndiyo wengi wanainunua wakiwa wameshachelewa," alisema.

Maneno hayo yalichukua dakika nne. Tuliyaandika karibu kama alivyoyasema, tukaweka na ule mchoro wake wa kalamu uliopigwa picha kwa simu, na ukurasa wa Machame ukawa na kitu ambacho tovuti nyingine hazina. Ukurasa wa Marangu nao ukapata ukweli wake: ni njia pekee yenye vibanda vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo, kwa hiyo anayeogopa hema atapendelea huko, lakini wanaopanda na kushuka wanapita njia ile ile, na wengi huichukua kwa siku tano, ambazo kwa mtu asiyezoea kimo ni chache. Kampuni inapokubali kusema upungufu wa kitu inachokiuza, mgeni huamini na yale mengine.

Swali la pili kwa ukubwa ni bei, na nyuma yake kuna swali la tatu ambalo wageni wa siku hizi huuliza bila kuficha: wapagazi wanalipwa vipi? Wanajua kwamba bei ikishuka sana, aliyebeba punguzo hilo ni kijana mwenye mzigo kichwani. Kuna shirika la KPAP, la kutetea wapagazi wa Kilimanjaro, ambalo limefanya kazi Moshi tangu mwaka 2003, na wageni wengi hulitaja kwa jina. Mzigo wa mpagazi hautakiwi kuzidi kilo 20. Kampuni inayofuata utaratibu huo iandike: tunapima mizigo getini, tunatoa milo mitatu, malipo ni haya, bahshishi hukabidhiwa hivi mbele ya wote. Iandike na namba ya leseni yake ya biashara ya utalii, ile ya TALA. Haya ni maneno machache, na yana uzito kuliko picha ishirini za machweo.

Kama hujui wageni wanauliza nini, pa kutafuta ni pawili. Kwanza ni simu ya ofisi. Fungua WhatsApp ya biashara usome miezi mitatu nyuma. Maswali yanayojirudia mara kumi ndiyo kurasa zinazokosekana. Pili ni Google Search Console, huduma ya bure inayoonyesha maneno ambayo watu waliandika Google kabla tovuti yako haijatokea mbele yao. Kampuni ya yule mzee ilikuta watu wengi wakitafuta habari za hali ya hewa ya mwezi wa Aprili. Hakukuwa na ukurasa hata mmoja unaotaja masika.

Ujumbe unaopotea njiani

Nitakaa kidogo hapa kwa sababu ni hasara isiyoonekana, na imeniumiza mimi mwenyewe. Niliwahi kumjengea mteja ukurasa wenye fomu ya maulizo: jina, tarehe ya safari, idadi ya watu, swali. Nikaijaribu siku ya kwanza, ikafanya kazi. Baada ya miezi kadhaa mteja akanipigia: msimu mzuri, wageni wanapita getini kwa mamia, fomu haijaleta ujumbe hata mmoja. Nikaingia ndani ya mfumo nikakuta maulizo sitini na kitu yamehifadhiwa. Watu walikuwa wameandika. Barua pepe za kutoka kwenye fomu zilikuwa zinatupwa kwenye taka au kukataliwa kabisa kabla ya kufika. Mzigo huo ni wangu. Niliijaribu mara moja nikaondoka.

Sababu yake ni hii. Seva ya tovuti inapotuma barua pepe kwa jina la kampuni, kikasha kinachopokea kinauliza: seva hii imeruhusiwa kutumia jina hili? Jibu linakaa kwenye rekodi za domeni, zinazoitwa SPF na DKIM, ambazo ni kama barua ya utambulisho yenye muhuri. Zisipokuwepo, ujumbe unaonekana kama wa tapeli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameukaza ukaguzi huo zaidi. Mwambie anayekutunzia seva aweke rekodi hizo, kisha mpe mtu mmoja ofisini kazi ya kujaza fomu ya tovuti yenu kila Jumatatu asubuhi kama mgeni, na kuangalia kama imefika.

WhatsApp ina mtego wake mdogo. Kile kitufe cha "tuandikie" kinatumia kiungo kinachoanza na wa.me kikifuatiwa na namba. Namba hiyo lazima iandikwe kimataifa: 255 kwanza, bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Nimekuta tovuti zaidi ya moja zimeweka sifuri sita-au-saba kama tunavyotajiana mtaani. Mgeni akibofya anaambiwa namba haipo. Mwenye biashara hawezi kujua, maana yeye hajawahi kubofya kitufe chake mwenyewe.

Halafu kuna saa. Mtu wa California akikaa na simu yake saa 2 usiku, Moshi ni alfajiri ya saa 12 au saa 1 asubuhi ya siku inayofuata. Ofisi ikifunguliwa saa 3 na ujumbe ukajibiwa saa 5 baada ya chai, kule ni usiku wa manane na mtu amelala. Jibu lake litakuja kesho. Mazungumzo ya dakika kumi yanachukua wiki, na katikati ya wiki hiyo kampuni nyingine imeshajibu. Sisemi watu wasilale. Weka jibu la kwanza la kujiendesha linalosema ukweli: tumepokea, ofisi yetu hufunguliwa saa fulani kwa saa za Tanzania, utajibiwa na fulani, na wakati unasubiri soma hapa tofauti ya njia. Mgeni aliyeambiwa asubiri mpaka lini husubiri.

Picha, bando na kufuli

Simu ya leo inapiga picha ya megabaiti nne au tano. Ukiweka kumi kama zilivyo kwenye ukurasa mmoja, unamwomba mtu apakue megabaiti arobaini na zaidi ili aone uwanda wa Shira. Punguza upana hadi pikseli 1,600, uhifadhi kwa muundo wa WebP, na picha ile ile itashuka mpaka kilobaiti mia mbili hivi, jicho lisione tofauti. Google inataka kitu kikubwa kuliko vyote kinachoonekana ukurasa unapofunguka kiwe kimejitokeza ndani ya sekunde 2.5, na inaupima ukurasa kwa namna unavyoonekana kwenye simu. Jaribu tovuti yako kwa simu ya kawaida, kwa bando la kawaida, ukiwa stendi, si kwa waya wa ofisini.

Usalama hauna mambo mengi, ila hausamehi. Mfumo na programu-jalizi zake, yaani programu ndogo za kuuongezea uwezo, zisasishwe. Nakala ya akiba itunzwe nje ya seva ile ile. Alama ya kufuli kwenye kivinjari inapatikana bure kupitia Let's Encrypt, na tangu Julai 2018 Chrome huziandikia tovuti zisizo nayo kwamba si salama. Tovuti iliyoachwa bila kusasishwa huvunjwa na roboti zinazozunguka mtandaoni zikitafuta matundu, na dalili mojawapo ni kwamba ukitafuta jina la kampuni Google unakuta kurasa za Kijapani zinazouza bidhaa bandia. Kama fomu yako inapokea namba za pasipoti na hali ya afya ya mgeni, jua pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Usiombe pasipoti kwa mtu anayeuliza bei tu.

Wapo wanaoniuliza kama haya yote yanahitajika, na Instagram ipo. Ipo, na itumike. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Waliokuwa na tovuti na barua pepe waliendelea kupokea wageni. Ukurasa wa Instagram ni chumba cha kupanga, mwenye nyumba akibadili masharti huna pa kulalamika. Tovuti ni kiwanja chako, mradi hati iwe kwa jina lako. Na hapa wengi wamelia: domeni imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi, fundi amegombana na kampuni au amehama, na jina la biashara la miaka kumi limekwenda naye. Leo hii, kabla ya jambo jingine, uliza domeni yenu imeandikwa kwa jina la nani.

Mgeni wa hapa nyumbani

Kila mwaka kuelekea tarehe 9 Desemba Watanzania hupanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, wakikumbuka usiku ule wa mwaka 1961 Alexander Nyirenda alipopandisha Mwenge na bendera kileleni. Wengine hujikusanya kazini, chuoni, kanisani. Ada ya hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mgeni wa mbali. Tangu mwaka 2022 TTCL imefikisha intaneti mpaka Horombo, mita 3,720, kwa hiyo ndugu jamaa mjini wanaona picha siku hiyo hiyo na kuanza kuulizana: na sisi twende, ni bei gani?

Wanafungua tovuti za kampuni za mkoani kwao. Zote ni Kiingereza. Bei zote ni dola, na ni za wageni wa nje. Mtu anaona dola elfu moja na mia nane, anafunga, anaamini mlima wake haumhusu. Kumbe kampuni hiyo hiyo ingempeleka kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, akalipa kwa awamu kupitia lipa namba.

Mifumo yote ya maudhui inaweza kubeba lugha mbili. Lakini ukurasa wa Kiswahili usiwe tafsiri ya ule wa Kiingereza, kwa sababu anayeuliza si yule yule. Mzungu anauliza chanjo na viza. Mtu wa Dodoma anauliza kama anaweza kukodi koti na viatu, kama mama mwenye presha anaruhusiwa, kama kuna wali au ni supu tu, na kama kikundi cha watu ishirini kinapunguziwa.

Mzee alikubali tuandike ukurasa huo. Alitaka aanze yeye mwenyewe. Dada wa mapokezi akakaa kwenye kibodi, mzee akawa anazunguka chumba akiongea kama anampokea mtu mlangoni: karibu, umetoka wapi, mko wangapi, umewahi kupanda hata Meru? Tulipomaliza, dada alifungua daftari akaongeza mstari wa thelathini na tatu. Safu ya pili aliandika jina la mzee. Safu ya nne aliandika: kila tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha, angalia ada.